UZI: Bifu la mastaa wa Star Trek lilianzia kwenye mkataba kabla halijafika moyoni

Kibaraza:

Wakuu salaam.

Kila akifariki mwigizaji wa Star Trek ile ya kwanza, hadithi ni ileile: William Shatner alivimba kichwa, aliwanyanyasa wenzake, wote wakamchukia, tumemaliza. Nimesoma vitabu vya kumbukumbu walivyoandika wenyewe, yeye na wao, na naona hadithi hiyo inamwachia mtuhumiwa mkubwa apite mlango wa nyuma. Majivuno yalikuwepo, sibishi. Ila yalikuwa na bei yake kwenye karatasi, na kuna watu waliosaini karatasi hizo.

Kwa wasioijua: ni tamthilia iliyorushwa na televisheni ya NBC ya Marekani kuanzia 8 Septemba 1966 hadi 3 Juni 1969, misimu mitatu, sehemu 79. Chombo cha anga kinazurura kwenye nyota. Nahodha ni Kirk (Shatner), msaidizi wake Spock mwenye masikio yaliyochongoka (Leonard Nimoy), daktari ni McCoy (DeForest Kelley). Pembeni yao kuna Scotty wa injini (James Doohan), Sulu wa usukani (George Takei), Uhura wa mawasiliano (Nichelle Nichols), na kuanzia msimu wa pili Chekov (Walter Koenig). Mwenye wazo zima ni Gene Roddenberry.

Tuanze na pesa.

Shatner aliletwa kama steringi, tena steringi wa kuokoa jahazi. Sehemu ya majaribio ya kwanza ilikuwa na nahodha mwingine, Jeffrey Hunter. NBC waliikataa, wakaagiza nyingine, Hunter hakurudi, akaitwa Shatner. Mshahara: dola 5,000 kwa kila sehemu. Nimoy alipewa 1,250. Mara nne, na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu mmoja ni nahodha na mwenzake ni jamaa wa masikio ya mpira. Masikio yenyewe NBC waliyaonea haya. Kwenye kijitabu cha kuinadi tamthilia, picha ya Spock ilipakwa rangi juu ili masikio na nyusi vionekane kama vya mtu wa kawaida.

Halafu barua zikaanza kumiminika, na nyingi zilikuwa za Spock. Nimoy aliteuliwa kuwania Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, kwa misimu yote mitatu. Shatner kwa kazi hiyohiyo hakuteuliwa hata mara moja. Waliofunika masikio jana, leo wanataka masikio yaonekane kila wiki.

Sasa fikiria wewe ndiye steringi. Jina lako linatangulia, wewe ndiye unayebusu, unayerusha ngumi, unayekaa kiti cha katikati. Unaletewa skripti mpya. Unaifungua na kitu cha kwanza unachofanya ni kuhesabu nani anasema mara ngapi. Shatner mwenyewe amekiri kwamba ile hali ilimtia wasiwasi.

Msimu wa kwanza ulipoisha, Nimoy akadai nyongeza. Studio ikagoma kiasi cha kuandaa orodha ya waigizaji wengine wanaoweza kuvishwa masikio. Mwisho wakampa 2,500. Bado nusu ya mwenzake aliyekuwa anapitwa kwa barua.

Roddenberry alichanganyikiwa. Mwaka 1967 alimwandikia Isaac Asimov, yule mtunzi wa hadithi za kisayansi, akimwomba ushauri: nifanye nini na nahodha anayefunikwa na msaidizi wake? Asimov alijibu mambo mawili ya maana. Kwanza, Shatner ana vipaji vingi, apewe nafasi ya kuvionyesha. Pili, Kirk na Spock waingizwe hatarini pamoja, mmoja amwokoe mwenzake, ili mtazamaji akimfikiria Spock amkumbuke na Kirk. Kwa hiyo ule urafiki wa Kirk na Spock unaowatoa watu machozi mpaka leo, kwa kiasi fulani ulikuwa dawa ya ugomvi wa kazini. Mwaka huohuo Roddenberry aliwaandikia Shatner, Nimoy na Kelley barua moja ya kuwagombeza wote watatu. Kelley naye! Mzee wa watu ambaye hadi leo sijasoma mtu akimsema vibaya.

Naendelea hapo chini, msijaze kurasa kwanza.

Kibaraza:

Kisa cha mpiga picha. Jarida la Life lilituma mtu apige picha hatua kwa hatua jinsi Nimoy anavyogeuzwa kuwa Spock. Asubuhi, chumba cha vipodozi, Nimoy yuko kwenye kiti, Fred Phillips anabandika masikio, kamera inalia. Shatner naye anatengenezwa chumba hichohicho. Hakusema kitu, akatoka. Baada ya muda mtu wa uzalishaji akaja kumwambia mpiga picha afungashe. Nimoy akauliza nani kaagiza, akaambiwa ni Shatner. Akainuka, masikio hayajakamilika, akajifungia chumbani kwake, akatangaza kwamba hatoki mpaka mpiga picha arudishwe.

Angalia jinsi lilivyofanyika. Hakuna aliyempigia mwenzake kelele. Mmoja anatumia watu wa ofisini, mwingine anatumia saa, maana asipoonekana kwenye seti kila dakika ni hasara ya studio. Wote wawili walijua nguvu yao iko wapi.

Kisa cha baiskeli ni chepesi zaidi, ila tazameni kwa makini. Nimoy alikuwa na baiskeli ya kumwahisha chakula cha mchana kabla foleni haijawa ndefu. Shatner akaifunga kwa mnyororo. Siku nyingine akaificha chumbani kwake akaiachia mbwa wake, Doberman, ailinde. Siku nyingine Nimoy anaitafuta, watu wote wanatazama juu: inaning'inia kwenye dari ya studio, juu kule kwenye taa. Wote wawili walikuwa wakiisimulia kwa kucheka uzeeni. Mimi najiuliza kama Nimoy alicheka siku ile, ana njaa, masikio yanamuwasha, na mnyororo uko mkononi mwa mtu anayelipwa zaidi yake.

Bujibuji wa Kale:

Mkuu unazunguka sana. Fahali wawili hawakai zizi moja, basi.

Kibaraza:

Bujibuji, hawa walikaa zizi moja zaidi ya miaka 25! Tamthilia ilifungwa 1969, wakarudi kwenye sinema kuanzia 1979 hadi 1991, sita kwa pamoja. Na unajua kilichowaweka? Mkataba tena. Wanasheria wao walipigania kipengele cha usawa: akipata hiki huyu, na yule anapata. Mwanzoni kilimsaidia Nimoy. Baadaye Nimoy akaruhusiwa kuongoza sinema ya tatu (1984) na ya nne (1986), na ya nne ikavuna zaidi ya dola milioni 100 Marekani peke yake. Shatner akasema haya, na mimi zamu yangu. Akapewa ya tano, 1989. Ilivuna karibu nusu ya ile. Bila kipengele kile sijui kama angepewa.

Halafu kuna jambo watu hawalijui: wamezaliwa mwezi mmoja mwaka mmoja, Machi 1931, siku nne tofauti. Shatner tarehe 22, Nimoy 26. Wote ni watoto wa familia za Kiyahudi, mmoja Montreal, mwingine Boston. Kwenye sinema zile ndipo walipokuwa marafiki wa kweli, kwa maelezo yao wenyewe. Walikuwa wameshalingana, hakuna aliyebaki na cha kumvizia mwenzake.

Mama Sukari:

Hao wawili walikuwa wanagombania keki, mimi nawaonea huruma waliokuwa wanagombania makombo. Hebu tuambie ya kina Uhura.

Kibaraza:

Mama Sukari umeniwahi, ndiko ninakokwenda.

Nichelle Nichols aliajiriwa kuwa ofisa kamili wa chombo. Akawa anaona skripti inakuja na maneno yake, siku ya kurekodi yamepunguzwa, mwisho anabaki kufungua mawasiliano tu. Anasimulia pia kwamba studio ilimficha barua zake za mashabiki, akaja kuambiwa na mtu wa posta. Msimu wa kwanza ulipoisha aliamua kuacha kazi, na aliyembadilisha mawazo ni Martin Luther King, mpigania haki za Wamarekani weusi, aliyemwambia kwamba nafasi yake pale ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani. Hiki kisa kimesimuliwa mno, siongezi.

Kisichosimuliwa sana ni hiki. Miaka ya 1990 mwanzoni Shatner anaandika kumbukumbu zake, anazunguka kuwahoji wenzake. Anamhoji Nichols, mazungumzo matamu, anafunga daftari. Nichols anamwambia bado, hujaniuliza kwa nini sikupendi. Shatner anadai alishikwa na mshangao, miaka yote ile hakuwa na habari. Na akaichapa kwenye kitabu! Doohan yeye alikataa kabisa kuhojiwa. Msemo wake unajulikana: Kapteni Kirk anampenda, ila Bill (yaani William Shatner mwenyewe) hapana.

Mimi ninaamini kwamba Shatner hakujua, na hapo ndipo anaponikera zaidi. Anayekuchukia angalau anakuona.

Mshika Kebo:

Mimi nimefanya kazi za seti miaka kadhaa, niongeze kidogo kwa wanaodhani kunyang'anywa sentensi ni jambo la kitoto.

Kamera humfuata anayesema. Ukiwa na sentensi yako moja, taa zitapangwa kwa ajili ya uso wako, lenzi itabadilishwa, mtu wa vipodozi atakuja kukufuta jasho puani. Ikiondolewa, unabaki bega kwenye picha ya mwenzako. Na haiondolewi kwa ubaya. Mwongozaji ana siku sita za kumaliza kipindi cha saa nzima. Steringi anamwambia kwa upole, "hii ingekuwa na nguvu zaidi nikiisema mimi." Mwongozaji anatazama saa, anatazama steringi, anasema sawa, tuendelee. Imechukua sekunde kumi. Nimeona ikifanyika mara nyingi, na aliyenyang'anywa huwa anacheka kama hajali. Akifika kwenye gari ndipo unamwona.

Kibaraza:

Mshika Kebo asante, hii ilistahili kukaa juu kabisa ya uzi.

Na ikiwa sentensi ni mali, mwenzako wa pembeni naye ni mshindani. Chukua Takei na Koenig. Kati ya msimu wa kwanza na wa pili Takei alikwenda kuigiza kwenye sinema ya vita ya John Wayne, upigaji ukarefuka, akakosa sehemu kadhaa. Koenig akaletwa, kijana, kavishwa wigi kwanza kwa sababu nywele zake hazijakua za kutosha kuwavuta vijana, na maneno mengi yaliyokuwa ya Sulu akayasema yeye. Takei anarudi anakuta chumba cha kubadilishia nguo ni cha kugawana na huyo mgeni. Alimchukia kabla ya kumsalimia, ameandika mwenyewe. Alikaribia kuacha kazi.

Mwaka 2008 Takei alipofunga ndoa na Brad Altman, msimamizi wake alikuwa Walter Koenig, na Nichols alisimama nao upande wa pili. Ugomvi uliisha kwa sababu wote wawili waligundua wako ngazi moja, wanaangalia mgongo wa mtu yuleyule.

Kipepeo Mweusi:

Hapo kwa Takei mnampamba bure. Huyo ana roho ya kwanini tu. Miaka hamsini unamsema mtu mmoja? Shatner alipokwenda anga za juu akiwa na miaka 90, Takei badala ya hongera akamwita panya wa majaribio. Hiyo ni nini kama si wivu?

Kibaraza:

Kipepeo, hapo Oktoba 2021 hata mimi niliona mzee kapitiliza. Alisema pia kwamba Shatner hakuwa mfano wa mtu mwenye afya, maneno ya kijiweni kabisa. Na suala la harusi, Shatner alijirekodi akilalamika hakualikwa, Takei akajibu mwaliko ulitumwa. Wazee wa miaka sabini na kitu wanagombana juu ya kadi. Nilicheka.

Lakini usiseme wivu peke yake. Takei ana dai moja la kazi lenye uzito. Sinema ya pili, 1982, ilikuwa na kipande ambamo Kirk anamwambia Sulu kwamba anapandishwa cheo kuwa nahodha. Kilirekodiwa, kisha kikakatwa. Takei anasema Shatner alikiigiza kivivu makusudi ili kisifae. Sijui mtu anathibitishaje nia ya mwigizaji. Ila Sulu alisubiri hadi sinema ya sita, 1991, ndipo akakaa kwenye kiti cha nahodha, tena kwenye chombo kingine, mbali na Kirk.

Na kuna sababu bifu hili halikufa kama yanavyokufa mengine. Waigizaji wa televisheni Marekani wakati ule walilipwa kwa marudio machache ya mwanzo tu. Malipo ya kudumu yalikuja na mkataba wa chama chao wa 1974, na hawa kazi yao ilikuwa imekwisha tangu 1969. Star Trek ikaja kuwa kubwa kwa marudio ya miaka ya 1970. Yaani sura zao ziko kwenye televisheni kila jioni na mfukoni hakuna kitu. Riziki ikawa kwenye makongamano ya mashabiki: unapanda jukwaani, unasaini picha, unajibu maswali. Na swali la kwanza la shabiki ni lipi? "Vipi kuhusu Shatner?" Ukisimulia kisa kikali, ukumbi unalipuka kwa vicheko. Ukisema ni mtu mwema, kimya. Malalamiko ya kweli yakageuka bidhaa, na bidhaa inayouzika haiachwi. Shatner naye aliuza upande wake, vitabu kwa vitabu. Mwaka 2006 ukafanyika usiku mzima wa kumkejeli kwenye televisheni, kwa ridhaa yake, na Takei akawa mmoja wa waliopanda kumshambulia.

Mama Sukari:

Na Doohan? Alikufa na kinyongo chake?

Kibaraza:

Hapana. Agosti 2004 lilifanyika kongamano la kumuaga, alikuwa mgonjwa tayari, ameshatangazwa kuwa na Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Mwandaaji alieleza baadaye kwamba Shatner mwenyewe ndiye aliyeomba wakutanishwe, wakakumbatiana nyuma ya jukwaa na kuombana radhi. Doohan akafariki Julai 2005. Huyu alikuwa askari wa Kanada aliyeshuka vitani ufukweni Normandy, Ufaransa, 1944 na kupoteza kidole cha kati cha mkono wa kulia, na kwenye tamthilia kamera ilikwepa mkono ule kwa ustadi. Mtu aliyepita pale akimwambia steringi "sikupendi", anamaanisha.

Ya Nimoy ndiyo iliyonisikitisha. Marafiki wa miongo kadhaa. Shatner alipofiwa na mkewe mwaka 1999, mke aliyesumbuliwa na pombe, Nimoy aliyekuwa ameiacha pombe mwenyewe alikuwa karibu naye. Halafu miaka ya mwisho Nimoy akanyamaza, simu hapokei. Shatner anaelezea kwamba huenda ni kwa sababu ya filamu yake moja: Nimoy alikataa kutokea, mpiga kamera akamrekodi bila ruhusa. Nimoy alifariki 27 Februari 2015 bila hilo kuzungumzwa. Siku ya mazishi Shatner alikuwa Florida kwenye hafla ya hisani aliyokwishaahidi, akawatuma binti zake, na watu wakamshukia mtandaoni vibaya sana. Hapo mimi nilikuwa upande wake.

Bujibuji wa Kale:

Nimekuelewa sasa. Swali la mwisho: katika hao wakubwa, hakuna hata mmoja aliyewapigania wa pembeni? Au kila mtu na lwake?

Kibaraza:

Yupo. Mwaka 1973 iliandaliwa Star Trek ya katuni, waigizaji walewale wakitoa sauti. Kampuni ikabana matumizi: Doohan na Majel Barrett, mkewe Roddenberry, wangetosha kuigiza sauti za Sulu na Uhura, Takei na Nichols hawahitajiki. Nimoy alipopata habari akasema bila hao wawili, Spock hayupo. Kumbuka huyu ni mtu ambaye alikuwa na mgogoro wake na studio kuhusu kutumiwa kwa sura yake kwenye matangazo bila kulipwa, hakuwa mtu wa kutoa vya bure. Wakawaajiri.

Koenig ndiye aliyebaki nje, hela haikufika kwake. Badala yake walimpa kazi ya kuandika sehemu moja, akaandika, wakamrudishia arekebishe, akarekebisha, wakamrudishia tena na tena. Ikarushwa. Walipomtaka aandike nyingine akawaambia asanteni, imetosha.